Siku Niliyomkata Sikio Mzee Pembe

Mkicheka chekeni polepole, kwa sababu jambo hili nililificha sana na hata mke wangu alikuja kulisikia kwa watu wa nje. Mimi niliyekuwa mwalimu wa nidhamu, mtu wa kusimama mbele ya paredi na kuwaambia watoto kwamba ukichukua kalamu ya mwenzako leo kesho utachukua ng'ombe wa jirani, mimi huyo huyo niliitwa mwizi wa mifugo hapa Kitengela mchana kweupe, ukumbi umejaa, na mfugo wenyewe ulikuwa wa karatasi. Naona aibu mpaka leo, lakini mmenishika shati hamtaki kuniachilia, basi sikieni.

Lazima nianzie nyuma kidogo. Nilipokuwa shule ya bweni huko Kajiado, miaka ile ya mwisho ya tisini, kijana mmoja wa darasa letu alikuwa na shangazi ng'ambo, na huyo shangazi ndiye aliyetuletea ugonjwa wa kadi. Si zile karata za mfalme na malkia mnazozijua. Hizi kila moja ina mnyama wake wa ajabu, nguvu zake zimeandikwa kwa namba na ujanja wake umeandikwa chini, na kila mchezaji anajichagulia arobaini anazozitaka katika zote alizo nazo, hizo arobaini ndizo jeshi lake, halafu mnapambana mpaka pointi ishirini za mmoja wenu ziishe. Tulicheza wakati wa prepu, yaani masomo ya jioni, tulicheza kanisani (Mungu atusamehe), tulibadilishana kadi kwa mkate na sukari.

Shida ilikuwa moja, kadi zilichanganyikana kila baada ya mchezo, na ugomvi wake haukuwa mdogo. Sasa sisi watoto wa wafugaji tulijua dawa ya mali inayochanganyikana. Mbuzi wa baba yangu pale Kisaju wote wamekatwa kidogo ncha ya sikio la kushoto, na hata wakichanganyika kisimani na mbuzi wa boma kumi, jioni kila mmoja anajulikana ni wa nani. Basi nami nikachukua mkasi nikazikata kadi zangu zote kona moja, kipande kidogo kama punje ya mchele, na tangu siku hiyo ukiokota kadi yenye kona hiyo hata Namanga ulijua ni yangu, mimi Sankale.

Halafu mtihani ukaja, chuo cha ualimu kikaja, utu uzima ukaja na mashati yake ya kupiga pasi, kadi zikalala ndani ya sanduku la bati nyumbani kwa mama, nami nikazisahau. Au nilidhani nimezisahau.

Miaka kadhaa baadaye nikapata kazi katika shule moja ya msingi hapa Kitengela, ndogo tu, mwalimu mkuu akiwa Madam Wairimu, mama mmoja asiyecheka kabla ya saa nne asubuhi. Nilikuwa kijana, nilikuwa na sauti kubwa, basi wakanipa nidhamu. Sheria ya shule ilikuwa kwamba kitu chochote cha kuchezea kikikamatwa darasani kinachomwa Ijumaa kwenye shimo la taka nyuma ya jikoni. Manati, magazeti ya picha, kila kitu. Mimi ndiye niliyeshika kiberiti, na kusema kweli nilijisikia mkubwa sana nikiwa na kile kiberiti.

Jumatano moja nikamkamata Halima wa darasa la saba na kadi chini ya dawati. Halima alikuwa binti wa Mzee Abdi, yule mfanyabiashara wa mbuzi mwenye duka la jumla karibu na barabara ya Namanga, mtoto mwenye akili ya hesabu kuliko walimu wawili ninaowajua (mmoja ni mimi). Nikazichukua zote bila kuzitazama. Ijumaa nikasimama shimoni, moto unawaka, Madam Wairimu ananiangalia kutoka dirishani mwa ofisi yake, nikaanza kuzitupa moja moja, na nikaona uso ninaoujua.

Ilikuwa ni kadi ya nyati mwenye pembe tatu. Watoto walimwita Mzee Pembe. Kule Kajiado tulikuwa tukimsikia tu jinsi watu wanavyomsikia chui, kila mtu ana rafiki aliyemwona, yeye mwenyewe hajamwona. Akiingia mezani hakuna mnyama mdogo anayeweza kumzuia. Miaka minne ya bweni nilimtamani na sikuwahi hata kumgusa, na sasa alikuwa mkononi mwangu sentimita chache kutoka motoni.

Nikageuka, nikampa Madam Wairimu mgongo, nikamtia mfukoni mwa shati. Hapo ndipo kila kitu kilipoharibika, jamani, hapo tu. Jambo la sekunde mbili.

Jumatatu Halima akaja mezani kwangu katika chumba cha walimu, mikono nyuma, sauti ya chini.

"Mwalimu, zote zilichomwa?"

"Zote."

"Hata Mzee Pembe?"

Ningeweza kusema kweli. Chumbani tulikuwa wawili tu. Nikasema, "Hata yeye."

"Sawa, mwalimu," akasema, akatoka. Hakulia, na ingekuwa afadhali angelia.

Mwisho wa wiki hiyo nikaenda Kisaju, nikafungua sanduku la bati, na mama akashangaa kuniona nimekaa sakafuni mtu mzima nimezungukwa na kadi. Ugonjwa ukarudi wote kwa siku moja. Nikaanza kuulizia, nikagundua mchezo umebadilika kabisa. Sisi zamani tulijaza jeshi madubwana makubwa na kungoja, lakini watoto wa siku hizi walikuwa wanacheza vinyama vidogo vya mbio, kabla hujamtoa mkubwa wako wamekumaliza. Nikapangua, nikapanga, nikapunguza wakubwa, nikaongeza wadogo wa kunikinga mwanzoni, na katikati ya hesabu hiyo yote akasimama Mzee Pembe, kwa sababu bila yeye jeshi langu lilikuwa na miguu lakini halina ngumi.

Wakati huo huo Njeri, mwenye saiba, lile duka la kompyuta pale stejini, alikuwa amebandika tangazo la mashindano Jumamosi iliyofuata, mshindi apate boksi zima la kadi mpya ambalo halijafunguliwa. Chini ya tangazo palikuwa na sheria: kadi arobaini, na migongo yote ifanane, ikionekana moja iliyo tofauti na nyingine mwenyewe anaondolewa, maana atakuwa anaijua kabla hajaiokota. Kwa hivyo fikirieni taabu yangu. Kadi thelathini na tisa zimekatwa kona, Mzee Pembe peke yake mzima. Vile vifuko vya plastiki ambavyo watoto wa Nairobi huvalisha kadi zao sikuwa navyo. Nikakaa naye mkononi, nikaona pembeni upande wa picha pana doa dogo la rangi ya chungwa, nikadhani ni chai. Nikachukua mkasi nikamkata kona.

Mimi mtoto wa mfugaji. Najua maana ya kukata sikio la mnyama asiye wako. Mkasi ulipofunga mkono wangu ulisita kidogo, kisha nikajiambia ni karatasi tu.

Mashindano yalifanyika katika ukumbi ulio nyuma ya hoteli moja ya nyama, mahali ambapo wanunuzi wa mbuzi hukaa wakinywa supu siku za Jumamosi, kwa hivyo walipoona watu wanamiminika nao wakaingia na bakuli zao kutazama. Nilivaa kofia nimeishusha mpaka kwenye nyusi, na jaketi, jua la Kitengela lote lile. Nilijituliza kwamba mwanafunzi wangu hawezi kuwepo, nani angekuwepo na kadi zao nilizichoma mwenyewe?

Njeri akahesabu kadi zangu, akazigeuza, akakunja uso. "Hizi zimekatwa."

"Ni alama ya nyumbani," nikasema. "Zote ni sawa."

Akazipitisha kidole kona kwa kona. "Haya, zote zimekatwa sawa. Endelea."

Mchezo wa kwanza nikashinda. Wa pili nikashinda kwa taabu, na Mzee Pembe hakutokea hata mara moja, nikaanza kujiona bado nimo. Kisha Njeri akasoma majina ya nusu fainali, nikaenda mezani, nikavuta kiti, nikainua macho.

"Mwalimu Sankale?"

Alikuwa Halima. Nyuma yake baba yake, Mzee Abdi, fimbo mkononi na kikombe cha chai. Kumbe mjomba wake alikuwa amemtumia kadi nyingine kutoka Amerika, na baba mwenyewe ndiye aliyemleta.

Nilingoja anikasirikie. Badala yake uso wake ukafunguka wote. "Kumbe hata wewe unacheza! Usijali mwalimu, sitaambia mtu."

Ningesimama hapo hapo nikasema naumwa na tumbo. Lakini watu walikuwa wameshatuzunguka, na ile furaha yake ilinifunga kitini. Nikakaa, nikachanganya kadi, nikamwomba Mungu jambo ambalo nadhani hakuna mchezaji mwingine amewahi kuliomba, kwamba kadi yangu bora ilale chini kabisa na isipande.

Ilipanda ya tatu.

Nikaishika mkononi bila kuitazama. Halima alicheza haraka, vinyama vyake vya mbio vikinipita kulia na kushoto, pointi zangu zikashuka kutoka ishirini hadi kumi na moja, hadi saba. Jasho lilikuwa linanitiririka chini ya kofia. Kila zamu nilikuwa na njia moja tu ya kujiokoa na nilikuwa nimeishikilia kwa dole gumba, na kila zamu nilitoa kadi nyingine ya kijinga, mpaka mzee mmoja wa Kimaasai aliyekuwa na bakuli lake la supu akasema kwa sauti, "Huyu mwalimu anaogopa mtoto." Watu wakacheka. Pointi zikafika mbili.

Sijui niwaambieni nini. Hasira ya kuchekwa si kitu kizuri. Niliwaza kwamba kadi za namna hii ziko nyingi duniani, kwamba mtoto hatajua, kwamba nitalifunika lile doa kwa kidole. Nikamweka Mzee Pembe mezani.

Ukumbi ukashangilia. Halima hakushangilia.

"Naweza kuisoma?" akauliza. Hiyo ni haki ya mchezaji, kusoma kadi ya mwenzake iliyo mezani, huwezi kumkatalia. Nikaondoa kidole. Akaichukua, akaigeuza, akailaza kiganjani, na hapo nikaona vidole vyake, kucha zake zina hina iliyofifia, rangi ya chungwa ile ile.

"Mwalimu," akasema polepole, "hii ni hina yangu ya Idi. Ilikuwa haijakauka nikamshika. Si ulisema ulimchoma?"

Mlango wa ukweli ulikuwa wazi mara ya pili, na mimi, sijui ni shetani gani, nikaufunga tena. "Hizi ziko nyingi, Halima. Hii ni yangu ya zamani, tangu Kajiado. Angalia alama yangu hapo kwa kona."

Nilijichimbia kaburi kwa sentensi hiyo. Maana Mzee Abdi aliweka kikombe chini, akasema, "Hebu nione hiyo alama."

Akaichukua kadi. Akachukua na nyingine moja ya zangu kutoka mezani. Akazisogeza zote mbili kwenye mwanga wa mlangoni, akazitazama kona kwa muda mrefu, akipitisha ukucha, mtu aliyeishi kwa kununua mbuzi kwenye minada na kuangalia masikio yao asije akauziwa kesi ya mbuzi wa wizi.

"Mwalimu," akasema, bila ukali wowote, "mimi nanunua mbuzi miaka ishirini. Hii moja, sikio imekatwa zamani. Iko na uchafu, imekuwa brauni, imepona. Hii ingine ni nyeupe. Hii sikio ni mbichi. Umekata juzi."

Yule mzee wa supu akaja akachungulia naye, akatikisa kichwa. "Ni mbichi," akasema. Kisha akawageukia wenzake akawaeleza kwa Kimaa, na niliposikia lile neno la wizi likipita kutoka bakuli hadi bakuli nilitamani nikatwe mimi masikio yote mawili. Mtu mmoja nyuma akapaza sauti, "Amekata sikio ng'ombe ya mtoto!" na ukumbi ukalipuka.

Nikavua kofia. Haikuwa na kazi tena. "Ni yake," nikasema. "Sikumchoma. Nilimchukua."

Njeri akanifuta kwenye orodha mbele ya macho yangu, akampa Halima ushindi na kadi yake. Nikainuka niondoke, Mzee Abdi akanigusa na fimbo begani. "Kaa," akasema. "Kaa uone fainali."

Basi nikakaa, na hiyo ndiyo iliyoniumiza kuliko kelele zote. Halima alipopanga kadi zake kwa ajili ya fainali alimtia Mzee Pembe katikati, amefurahi, na Njeri akazipitisha kidole kona kwa kona kama alivyofanya zangu, akasimama.

"Pole, Halima. Hii moja imekatwa na zingine hazijakatwa. Huwezi kuitumia."

Halima akaitazama ile kona. Akanitazama mimi. Sijawahi kutazamwa hivyo na sitaki tena. Kadi niliyomwibia ilikuwa imerudi mkononi mwake na haikuwa na faida, kwa sababu mkasi wangu ulikuwa umeiharibu kwake milele. Akaiweka kando, akacheza fainali bila yake dhidi ya kijana mmoja kutoka Rongai, akashindwa kwa pointi moja. Pointi moja, jamani. Mzee Pembe amelala pale kando ya kiwiko chake.

Walipotoka nikamfuata Mzee Abdi, nikamwomba msamaha, nikamwambia nitalipa. Akanisikiliza mpaka mwisho. "Mimi usinilipe. Muulize mwenyewe."

Halima alikuwa anaangalia viatu vyake. "Nataka useme ukweli kwa paredi," akasema.

"Na wewe unajua," baba akaongeza, "nyinyi watu wa ng'ombe mnajua kuliko mimi. Mnyama wa wizi harudi nyumbani peke yake, anarudi na wenzake wa faini."

Jumapili yote nilizunguka na maneno hayo. Nilifikiria kumpa kadi mbili nzuri, nikafikiria tatu, nikawa nazipanga kitandani nikiona uchungu kwa kila moja, mpaka nikaona jambo ambalo lilikuwa wazi tangu mwanzo. Mzee Pembe hawezi kutembea tena na kadi zisizokatwa. Kundi moja tu duniani lingeweza kumpokea.

Jumatatu nikasimama mbele ya paredi. Nilikuwa nimeandika hotuba, nikaikunja. Nikasema, "Kadi ya Halima sikuichoma, niliiba, halafu nikamdanganya mara mbili." Mnadhani walicheka? Hakuna aliyecheka. Watoto mia mbili wakaniangalia tu, na Madam Wairimu akaangalia mlingoti wa bendera. Kisha nikashuka, nikamwendea Halima kwenye mstari wa darasa la saba, nikampa kadi zangu zote thelathini na tisa zikiwa zimefungwa kwa mpira.

"Ili aweze kucheza," nikamwambia.

Akazihesabu (si nimewaambia ni mtu wa hesabu). Akapitisha kidole kona kwa kona. "Na hii alama sasa ni ya nani?"

"Ni yako."

Nidhamu nilinyang'anywa siku hiyo hiyo, nikapewa kusimamia uji wa saa nne, na kiberiti akapewa mwalimu mwingine, ambaye nasikia hakukitumia sana. Kwa Njeri nilirudi baada ya miezi miwili na kadi mpya kabisa, kona zao zote nzima, nikakutana na Halima mzunguko wa kwanza, akanitolea Mzee Pembe akanimaliza, akasema, "Pole, mwalimu." Mchezo sijauacha. Lakini nimeapa, na ninyi ni mashahidi, kitu kisicho changu sikiwekei alama hata ya kalamu, na nyumbani kwangu anayeshika mkasi ni mke wangu.

Habari ilifika Kisaju kabla yangu. Nilimkuta baba amekaa nje ya boma anahesabu mbuzi wanaoingia, kila mmoja na ncha yake ya sikio la kushoto iliyokatwa. Hakunisalimia. Akangoja mpaka wa mwisho akaingia, akafunga lango kwa miiba.

"Ero, kijana wangu," akasema, "nasikia hiyo alama yetu umeipatia mtoto wa Abdi."

"Ndiyo, baba."

Akawanyooshea mbuzi wake kidole. "Basi umwambie hawa asikuje kuwachukua mpaka nikufe."